Mitoma au Kubo: Yupi wa Kumfuatilia Mtandaoni kwa Mpenzi wa Soka la Japani

Shabiki anayetaka kumfuatilia mtandaoni mchezaji mmoja wa Japani kwa msimu mzima, badala ya kuridhika na kuliona jina lake likipita mara moja moja kwenye simu, atajikuta mapema mbele ya majina mawili. La kwanza ni Kaoru Mitoma, winga wa kushoto aliyejipatia umaarufu Ulaya akiwa na Brighton & Hove Albion ya Uingereza. La pili ni Takefusa Kubo, anayeshambulia kutoka upande wa kulia, na ambaye jina lake limeshikamana na Real Sociedad ya Hispania tangu 2022. Wote wawili huzungumzwa sana, lakini kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua chaguo la msomaji kuliko idadi ya wafuasi inayoonekana juu ya kurasa zao.

Kwa mtazamo wa haraka wachezaji hawa wanafanana mno. Kubo alizaliwa tarehe 4 Juni 2001 Kawasaki, mji ulio kati ya Tokyo na Yokohama. Mitoma alizaliwa tarehe 20 Mei 1997 katika mkoa wa Oita, kisiwani Kyushu, lakini alikulia Kawasaki hiyo hiyo na akalelewa kisoka katika timu za vijana za Kawasaki Frontale, klabu ambayo Kubo naye aliipitia akiwa mtoto mdogo. Mitoma hutumia zaidi mguu wa kulia akiwa upande wa kushoto, na Kubo hutumia wa kushoto akiwa upande wa kulia, kwa hiyo wote hupenda kukata kuelekea ndani na wote huishi kwa kupiga chenga. Ni baada ya hapo ambapo njia zao zinaachana, na umaarufu wa kila mmoja mtandaoni umefuata njia yake.

Kabla ya kuwalinganisha, nieleze kwa nini nimewaacha wengine. Wataru Endo, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Japani, ni kiungo ninayemheshimu sana, lakini tangu ajiunge na Liverpool Agosti 2023 ni vigumu kutenganisha sauti ya mashabiki wake na sauti ya mashabiki wa Liverpool, ambao wamejaa kila kona ya dunia, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo. Hali ilikuwa hivyo pia kwa Shinji Kagawa alipohamia Manchester United mwaka 2012. Hata mabao yake matatu dhidi ya Norwich, Machi 2013, yaliyomfanya awe mchezaji wa kwanza kutoka Asia kufunga matatu katika mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza, yalisambazwa na kushangiliwa kwa jina la klabu kwanza. Jambo ambalo kweli lilikuwa lake mwenyewe lilitoka Ujerumani: mashabiki wa Borussia Dortmund, walipoona anakalishwa benchi Manchester, walianzisha mtandaoni wito wa kumtaka "Shinji" aachiliwe huru, na wakaurudia mpaka aliporejea kwao mwaka 2014. Huo ndio umaarufu wa mtu binafsi, kwa sababu watu walimkumbuka wakati ambapo hakuwa akiwafungia bao lolote.

Mitoma na Kubo wanafaa kulinganishwa kwa sababu klabu zilizowakuza Ulaya ni za wastani. Brighton na Real Sociedad hazina jeshi la mashabiki duniani linaloweza kumbeba mchezaji asiyestahili, na kwa hiyo mtu wa Kigoma au Mombasa anayelitaja jina la mmojawapo amevutwa na mchezaji mwenyewe. Jezi ilikuja baadaye.

Umaarufu wa Mitoma mtandaoni umejengwa juu ya vipande vifupi vya video na picha, na kipande kikubwa kuliko vyote kilizaliwa tarehe 1 Desemba 2022 katika Uwanja wa Kimataifa wa Khalifa, Al Rayyan, karibu na Doha. Japani ilikuwa nyuma kwa bao 1-0 dhidi ya Hispania katika Kombe la Dunia. Wakati wa mapumziko kocha Hajime Moriyasu alifanya mabadiliko mawili: Ritsu Doan na Mitoma waliingia, Yuto Nagatomo na Kubo wakatoka. Doan alisawazisha dakika ya 48. Dakika ya 51 mpira ulipita mbele ya goli ukielekea nje, Mitoma akaufuata mpaka kwenye mstari wenyewe, akaunyooshea mguu na kuurudisha ndani, na Ao Tanaka, mwenzake waliyecheza naye tangu utotoni huko Kawasaki, akausukuma wavuni. Bao lilikubaliwa baada ya VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, kuthibitisha kwamba mpira haukuwa umetoka wote. Japani ikashinda 2-1.

Kilichofuata mtandaoni kinaeleza mengi kuhusu jinsi umaarufu unavyopatikana siku hizi. Picha zilizopigwa kutoka pembeni zilionyesha nyasi kati ya mpira na mstari, na watu waliapa kwamba mpira ulikuwa nje. Picha iliyopigwa kutoka juu kabisa ya uwanja ilionyesha kwamba ukingo wa mpira bado uliufunika mstari kwa upana mdogo usioonekana kwa urahisi. Sheria inasema mpira uko nje pale tu ambapo wote, kwa umbo lake lote, umevuka mstari mzima, ukiwa chini au hewani, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi, na FIFA ilitoa siku iliyofuata picha za kamera za mstari wa goli ili kuutetea. Lakini ubishi haukuisha upesi, kwa sababu matokeo hayo yaliiweka Japani kileleni mwa kundi, yakaishusha Hispania nafasi ya pili, na yakaitoa Ujerumani mashindanoni ingawa iliifunga Costa Rica 4-2 usiku huo huo. Mashabiki wa nchi kadhaa walikuwa na sababu ya kuitazama picha ile tena na tena, kila mmoja kwa uchungu au furaha yake. Wajapani wenyewe waliipa jina, "milimita moja ya Mitoma", na jina hilo limedumu. Mashindano yale, tukumbuke, yalionyeshwa yote bila malipo nchini Japani kupitia huduma ya mtandaoni ya ABEMA, mechi zote 64, na hivyo watu wengi walikuwa tayari na simu mkononi wakati tukio lilipotokea.

Baada ya hapo kila bao zuri la Mitoma lilipata wasikilizaji waliokwisha kuandaliwa. Tarehe 29 Januari 2023, katika Kombe la FA, aliitoa Liverpool, bingwa mtetezi, kwa bao la dakika za nyongeza: aliupokea mpira hewani karibu na goli, akamdanganya beki kwa kujifanya anapiga, akaugusa tena mpira ukiwa bado haujatulia, kisha akafunga. Tarehe 14 Februari 2025 alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni zuri zaidi. Kipa Bart Verbruggen alipiga mpira mrefu kutoka langoni mwake, Mitoma akaushusha kwa ncha ya mguu wa kulia huku akikimbia na mpira ukitokea nyuma ya bega lake, akampita beki wa Chelsea na kuupeleka kwenye kona ya mbali. Brighton ilishinda 3-0, na mabao mengine mawili yalifungwa na Yankuba Minteh wa Gambia. Msimu huo Mitoma alifikisha mabao 10 ya ligi, idadi ambayo hakuna Mjapani mwingine aliyekuwa ameifikia katika msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza.

Vipande vya namna hii havihitaji tafsiri. Mtu asiyejua Kijapani wala Kiingereza anaelewa mara moja kwamba mpira mgumu umefanywa mwepesi, na ndiyo maana chenga za Mitoma husafiri haraka kuliko maneno yake. Hata simulizi pekee ya maisha yake inayorudiwa sana inahusu chenga: akiwa na umri wa miaka 18 aliacha kujiunga na timu ya wakubwa ya Frontale, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Tsukuba, na tasnifu yake ikawa juu ya kupiga chenga, ambapo aliwafunga wenzake kamera ndogo kichwani ili ajue macho yao yanaangalia wapi mpira unapokuja. Simulizi hiyo ni ya kweli na inavutia, nayo inafaa kabisa kuwekwa chini ya video ya sekunde 20.

Kubo hana kipande kimoja kinachoweza kuwekwa sambamba na milimita ile. Ana mabao mazuri, hilo halina ubishi, na msimu wake wa kwanza Real Sociedad, wa 2022-23, aliufunga akiwa na mabao 9 ya ligi huku timu ikimaliza nafasi ya nne na kurudi Ligi ya Mabingwa. Mojawapo alilifunga Mei 2023 dhidi ya Real Madrid, klabu iliyokuwa imemmiliki kwa miaka mitatu bila kumchezesha hata mechi moja ya mashindano. Lakini anayemfuatilia Kubo anafuatilia maisha yanayojulikana hadharani tangu akiwa mtoto. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 10, alijiunga na La Masia, chuo cha vijana cha Barcelona. Mwaka 2014 FIFA iliiadhibu Barcelona kwa kukiuka kanuni za kusajili watoto wa kigeni walio chini ya miaka 18, na Kubo, ambaye hakuwa na kosa lolote, akazuiwa kucheza mechi rasmi na akarudi Japani mwaka 2015. Novemba 2016 alicheza ligi ya daraja la tatu ya Japani akiwa na FC Tokyo, umri wake miaka 15. Juni 2019, siku chache baada ya kutimiza miaka 18, aliichezea timu ya taifa dhidi ya El Salvador, na mwezi huo huo Real Madrid ikamsajili. Wengi wa Barcelona waliiona hatua hiyo kama kidonda, wengi wa Madrid waliiona kama ushindi, na ubishi wao ukalifikisha jina lake mbali kabla hajagusa mpira wa La Liga, ligi kuu ya Hispania.

Kisha ikaja miaka ya mikopo, yaani kupelekwa kwa muda kuchezea klabu nyingine: Mallorca, Villarreal, Getafe, kisha Mallorca tena. Kwa mchezaji anayetegemea vipande vya video, miaka hiyo ingekuwa jangwa. Kwa Kubo ilikuwa miaka ambayo mashabiki wa Japani walihesabu dakika zake uwanjani, walijadili uamuzi wa kila kocha na kubishana kama aliharakishwa mno, na kila dirisha la usajili liliwaletea habari mpya za kuamini au kukanusha. Mtu anaweza kuona kero katika mjadala wa namna hiyo, na kero ipo kweli, hasa uvumi wa usajili usio na msingi. Hata hivyo, mimi nauona kuwa ndio uthibitisho wa nguvu wa umaarufu wake, kwa kuwa hautegemei bao la juzi.

Jambo la pili linalomtenga Kubo ni sauti. Alijifunza Kihispania akiwa mtoto Barcelona na hukizungumza kwa ufasaha, hivyo huhojiwa na waandishi wa Hispania bila mkalimani, hujibu moja kwa moja, na mara nyingi husema jambo lenye uzito kuhusu mchezo, wenzake au yeye mwenyewe. Mahojiano marefu ya Mitoma yamekuwa zaidi kwa Kijapani, na yeye kwa tabia ni mtulivu na mwenye kupima maneno. Kwa msomaji wa Kiswahili tofauti hii ni ya vitendo kabisa. Programu za kutafsiri hufanya kazi nzuri zaidi kwa Kihispania kuliko kwa Kijapani, kwa sababu sentensi ya Kijapani mara nyingi huacha kumtaja mtenda, na mashine hulazimika kubahatisha nani alifanya nini. Nimeona tafsiri ambazo pongezi zimegeuzwa kuwa lawama. Anayemfuatilia Mitoma kupitia kurasa za Kijapani ajihadhari kabla ya kusambaza nukuu yoyote ambayo mashine imemletea.

Kuhusu saa, Mitoma amekuwa na faida iliyo wazi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa 9 alasiri ya huko Jumamosi ya majira ya baridi huwa saa 12 jioni Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na saa 1 usiku Muscat, wakati ambapo vibanda umiza vimejaa na mtu anaweza kutazama huku akisoma maoni. Japani inakuwa saa 6 usiku, kwa hiyo Wajapani wengi bado wako macho, na mazungumzo ya mashabiki wa mabara matatu hukutana kwa wakati mmoja. Mechi ya Hispania inayoanza saa 3 usiku ya huko huwa saa 5 usiku kwetu na saa 11 alfajiri Japani. Anayemtaka Kubo kwa mechi kama hiyo, au akeshe, au akubali kuyapata mazungumzo asubuhi yakiwa yamepoa.

Ligi yenyewe nayo ina uzito wake. Ligi Kuu ya Uingereza ndiyo inayotazamwa zaidi katika nchi zetu, na wenye kutaka kumjadili Mitoma na jirani watampata jirani aliyemwona. La Liga hutazamwa, lakini macho mengi huelekea Real Madrid na Barcelona, na mechi ya Real Sociedad dhidi ya timu ya kati ya msimamo ni nadra kuwekwa kwenye runinga ya kibanda. Anayemchagua Kubo ajue kwamba mazungumzo yake mengi yatakuwa na watu wa mbali.

Sasa niseme juu ya idadi ya wafuasi, kwa sababu wengi huanzia hapo. Namba hiyo inapotosha kwa wachezaji wa Japani kuliko kwa wachezaji wa nchi nyingine nyingi. Japani ina watu zaidi ya milioni 120, ni miongoni mwa masoko makubwa ya mtandao wa X, na mchezaji wa timu ya taifa anaweza kukusanya wafuasi wengi wa nyumbani bila kujulikana nje. Klabu zinajua hivyo: mwaka 2024 Brighton ilikwenda Tokyo mwezi Julai kucheza na Kashima Antlers na Tokyo Verdy, na Real Sociedad nayo ilicheza Japani mwaka huo huo. Kipimo bora ni kuangalia nani anamzungumzia mchezaji, kwa lugha gani, na hasa wakati hachezi. Mitoma alipoumia mgongo Februari 2024 na kukosa sehemu yote iliyobaki ya msimu, kurasa nyingi za kigeni zilizomshangilia ziliendelea kurudia video za zamani au zikamgeukia mwingine. Mazungumzo ya Kubo hupungua pia anapoumia, lakini hubadilika kuwa maswali: atarudi lini, anahitajika wapi, amesema nini.

Nikilazimika kuchagua mmoja, namchagua Kubo. Ni mdogo kwa miaka minne, safari yake bado ina sura nyingi, na kumfuatilia kunamfundisha mtu jinsi soka inavyoendeshwa: kanuni za usajili wa watoto, mikopo, uhusiano wa klabu ndogo na kubwa, na mzigo wa matarajio juu ya kijana. Machi 2025, Japani ilipoifunga Bahrain 2-0 huko Saitama na kuwa timu ya kwanza, ukiacha wenyeji, kufuzu Kombe la Dunia la 2026, Kubo alitoa pasi ya bao la kwanza na kufunga la pili. Yule aliyekuwa amemfuatilia tangu zuio la FIFA aliuona usiku huo kwa kina ambacho video fupi haiwezi kukitoa.

Hata hivyo, simshauri kila mtu anifuate. Mwenye muda mchache, anayefungua simu kwa dakika 10 baada ya kazi, anayependa uzuri wa mguu na mpira kuliko habari zinazouzunguka, amchague Mitoma bila kusita. Hatachoka haraka, na hahitaji kujua lolote la nyuma ili afurahi. Kocha wa watoto anayetafuta video za kuwaonyesha vijana wake naye amchague Mitoma, kwani chenga yake si ya mbwembwe: hupunguza mwendo, humsubiri beki auhamishe uzito wa mwili wake, kisha huondoka, na mtoto anaweza kuijaribu siku hiyo hiyo.

Kwa yeyote kati yao, mahali salama pa kuanzia ni tovuti ya klabu anayochezea, ambayo huunganisha na akaunti halisi za klabu na mara nyingi za mchezaji mwenyewe. Alama ya buluu kwenye X haitoshi, kwa sababu tangu 2023 mtu yeyote anaweza kuinunua kwa malipo ya mwezi, na majina ya wachezaji hawa hutumiwa na kurasa za kubahatisha na za utapeli zinazobandika video ya bao kisha zinamtaka mtazamaji ajisajili au atume fedha. Kurasa za mashabiki zinazorusha vipande vya mechi nazo hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya haki za matangazo, kwa hiyo video ya thamani ni bora kuitafuta kwenye kurasa rasmi za ligi au klabu, ambako itaendelea kupatikana. Anayemchagua Kubo aongeze magazeti ya michezo ya Hispania, hasa yale ya San Sebastián, mji wa klabu hiyo, yanayoiandika Real Sociedad kila siku na kuyachapa mahojiano yake kwa ukamilifu.